Ukuta Usiotoa Maji

Dismasi Bitaliho wa Mwandiga alikuwa mtu wa kungoja aamkiwe. Ukimpita bila shikamoo alikuweka moyoni, na moyo wake ulikuwa kama kisima kisicho na ngazi, kinachoingia hakitoki. Miaka thelathini na mmoja alipima udongo wa barabara, kuanzia Kasulu, akashuka Uvinza, mwisho akaletwa huku Ujiji, na hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha ubatizo. Katika miaka hiyo aliwaona vijana wenye vyeti wakija na viatu vipya na kuondoka na vyeo vipya, yeye akabaki na chekeche zake. Zilikuwa saba, zinapandana, yenye matundu makubwa juu, na ya chini kabisa ina matundu ambayo jicho haliyaoni. Ukimletea udongo aliuosha, akaukausha, akautikisa humo, kisha akakwambia: huu utapitisha maji, huu utayakataa, huu utakusaliti.

Na hakuwa akikosea. Hilo lisemwe kabla ya mengine, maana siku hizi watu wa Ujiji wanalitaja jina lake wakitema mate.

Kazi yenyewe alifundishwa na mama yake, ambaye hakupata kuona barabara ya lami mpaka amezeeka. Mama yule alichuja mawese pale Mwandiga hadi vidole vikawa vyekundu visivyosafika, na watoto wake wawili, Dismasi na mdogo wake Yunisi, aliwasimamisha mbele ya kitambaa tangu wakiwa hawajafika kiunoni mwake. Aliwaambia hivi: "Mafuta ya kwanza yakitoka machafu, usitupe kitambaa. Yarudishe juu, uache machicha yajipange. Yakishajipanga, hayo ndiyo chujio, kitambaa ni mshikaji tu. Lakini ukichukua kitambaa kilichobana mno, kitakupa kikombe kimoja kisafi, utafurahi, halafu kitakufia mikononi." Asiyeshika alipigwa na mwiko. Walishika wote wawili.

Dismasi alipoingia kwenye kazi ya udongo akaona kwamba mlima ni chungu cha mawese, tofauti ni ukubwa tu.

Sasa, ziwa lilipopanda miaka ile na kumeza barabara ya chini, ikaamuliwa barabara mpya ipite juu zaidi, ikate ubavu wa mlima upande wa Kasingirima. Mlima ukikatwa hulia. Maji yanayoshuka ndani yake hutokeza pale ulipokatwa, na usipoyapa njia yatajitafutia yenyewe. Kwa hiyo ukachorwa ukuta wa mawe wa kuushikilia mlima, na nyuma ya ukuta mtaro uliojazwa kokoto, na kokoto zote zikafungwa ndani ya kitambaa kama mtu anavyofunga maharage kwenye kanga. Maji ya mlima yapenye kitambaa, yaingie kwenye kokoto, yatoke mbele kwa mabomba madogo yaliyopenyezwa ukutani. Udongo ubaki nyuma. Kazi ya kitambaa ni hiyo tu, lakini hapo ndipo kuta zinapofia. Tundu la kitambaa likiwa kubwa, udongo unatoka na maji kidogo kidogo mpaka nyuma ya ukuta linabaki pango. Likiwa dogo, vumbi linaliziba, maji yanakosa pa kupita, yanajaa na kusukuma.

Na chini ya ukuta huo, hatua ishirini tu, palikuwa na banda la Yunisi la kukamulia mawese. Lilikuwepo kabla ya barabara. Yunisi alikuwa mjane, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alimwambia kila aliyetaka kumhamisha kwamba mume wake alimwacha hapo na atakayemtoa hapo ni mume wake akirudi.

Injinia wa ujenzi aliitwa Gharib, kijana wa Ujiji hapo hapo, aliyesomea Dar es Salaam akarudi na lugha ya kukunja midomo. Mwanzoni alikuwa na adabu. Kila asubuhi alipita kwenye kontena la kupimia udongo, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mzee," na Dismasi akaitikia, "Marahaba," huku amempa mgongo ili isionekane jinsi salamu ile ilivyomkolea.

Mwezi wa tisa Dismasi akamaliza kupima udongo wa nyuma ya ukuta. Ulikuwa mwekundu, laini kama unga wa muhogo, na zaidi ya nusu yake ilipita hata ile chekeche ya mwisho. Akamwita injinia.

"Kitambaa kilichoko stoo hakifai kwa mtaro," alisema. "Kile kilifumwa kwa ajili ya kutandika chini ya barabara. Kimebana kama kiroba cha sukari. Kwa udongo huu kitaziba."

"Mzee, kile kina karatasi yake ya kiwandani. Kinapitisha maji kuliko tunayoyahitaji."

"Walipima kwa maji ya bomba, injinia. Haya ya hapa yana mlima ndani."

"Unataka kipi?"

Dismasi akamwonesha kipande cha mfano, kijivu, kinene, laini kama blanketi la hospitali. "Hiki. Kitatoa tope siku mbili tatu, kisha chembe kubwa za udongo zitajipanga nyuma yake na maji yatoke safi miaka na miaka."

Gharib akakibonyeza kwa kidole. Cha namna hiyo kilipaswa kuagizwa Dar na kupanda treni, na wageni wakubwa wa kampuni walitaka kuuona ukuta umesimama kabla ya mvua. "Kitatoa tope," alirudia. "Mzee, unanipendekezea chujio linalotoa tope?"

"Nipe ndoo mbili na siku kumi nikuoneshe."

"Nitakupa ndoo mbili na asubuhi moja. Jumatano wageni wanakuja kukagua. Waoneshe wao."

Hapo mtu mwenye akili angekataa. Kitu cha siku kumi hakioneshwi kwa asubuhi moja, sawa na mimba. Lakini Dismasi alisikia neno moja tu katika maneno yote yale, nalo ni "waoneshe". Wageni, wafanyakazi, Ujiji nzima, na yeye katikati. Akakubali.

Jumatano hiyo, tarehe kumi na nne Septemba, alivaa shati jeupe. Ndoo mbili zilizokatwa matako zilining'inia kwenye mti mlalo, moja imefungwa kitambaa cheusi cha stoo, nyingine lile blanketi la kijivu, zimekazwa kwa mpira wa baiskeli. Udongo wa mlima sawa kwa sawa, maji sawa kwa sawa, na chini ya kila ndoo kikombe cha kioo. Wafanyakazi walizunguka. Wageni walisimama kivulini na kofia zao ngumu. Yunisi naye alipanda kutoka bandani kwake, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko, kuja kumwona kaka yake.

Chini ya kitambaa cheusi maji yakadondoka meupe, safi, ya kunywa. Chini ya blanketi likadondoka tope jekundu kama kahawa iliyomwagikiwa damu.

Watu wakatazamana. Kisha mmoja akacheka, na kicheko ni kama moto wa nyasi.

"Bado," Dismasi alisema. "Hii ni siku ya kwanza. Ngojeni zijipange."

"Zijipange foleni?" aliuliza Leonardi, nyapara wa vibarua, mtu ambaye mdomo wake haukuwekewa breki. "Chembe za udongo zijipange foleni kama za kupiga kura?"

Mgeni mmoja akapima vikombe vyote viwili kwa macho, akamgeukia Gharib, akauliza kwa upole, "Huyu mzee amesomea wapi?"

Swali lile lilimfedhehesha Gharib mbele ya wakubwa wake, na kijana aliyefedheheshwa hutafuta wa kumrushia. "Kwa mama yake," alijibu. "Mama yake alikuwa akichuja mawese. Lakini naona hata huko alikuwa akisinzia, maana hata mtoto anajua chujio zuri ni lile linalotoa kilicho safi."

Wakacheka hadi wageni. Leonardi akalifungua lile blanketi lililolowa, likichuruzika tope, akamfunika nalo Dismasi kichwani kama shela, tope likamtiririka usoni na kwenye shati jeupe. "Bibi harusi huyo! Jamani, nani anamposa?" Wanawake wabeba kokoto wakapiga vigelegele.

Na kigelegele kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Yunisi.

Yunisi alijua. Alisimama mbele ya mama yule yule, akapigwa na mwiko ule ule. Alijua kwamba cha kwanza kutoka huwa kichafu. Alicheka kwa sababu watu wanacheka, na kwa sababu kaka yake alionekana kichekesho kwelikweli, na hakukuwa na zaidi. Lakini Dismasi, chini ya kitambaa kile, aliitambua sauti yake kati ya zote, akaipeleka kule kisimani kusikotoka kitu.

Alijivua shela, akalikunja mara nne kwa makini, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Gharib alipita mlangoni pa kontena bila kusimama. "Vipi, bibi harusi," alisema, na viatu vyake vikaendelea.

Jina likashika. Kontena likawa kwa bibi harusi, chekeche zikawa vyombo vya bibi harusi. Yunisi naye alilitumia, tena kwa mapenzi, kama mtu anavyomtania nduguye. Hakuona kama anatonesha kidonda.

Lakini kuna jambo ambalo hawakulijua. Jioni ile ile ya aibu Dismasi alifunga ndoo nyingine mbili nyuma ya kontena, kwenye uchochoro kati ya chuma na uzio ambako hakuna apitaye. Alimwaga maji jioni hiyo, kisha kila asubuhi, akatazama saa yake, akaandika kwenye daftari la mistari muda ambao kikombe kilichukua kujaa. Siku ya kwanza, cheusi, dakika mbili, safi. Blanketi, dakika mbili, tope. Siku ya tatu, cheusi, dakika saba. Blanketi, dakika mbili, maji ya ugoro. Siku ya sita, cheusi, saa nzima. Blanketi, dakika tatu, safi. Siku ya tisa, tarehe ishirini na mbili Septemba, alimwaga maji kwenye ndoo ya kitambaa cheusi asubuhi, na mpaka wanafunga kazi maji yalikuwa yamesimama juu ya udongo kama kidimbwi, na chini kikombe kikavu. Akaandika: "Kimeziba." Akapiga mstari mara mbili.

Siku hiyo mtaro ulikuwa bado uko wazi. Kitambaa cheusi kilikuwa bado stoo kwenye nailoni yake. Ilikuwa ni maneno tu, na hatua sitini kutoka kontena hadi ofisi ya injinia.

Alizitembea. Alinawa uso, akaweka daftari kwapani, akafika hadi dirishani. Ndani Gharib alikuwa akinywa chai na Leonardi, na Leonardi alikuwa akimwigiza mtu anayetembea na shela, mikono mbele, akipapasa. Gharib alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Dismasi akageuka. Alirudi hatua zake sitini bila haraka, akaliweka daftari chini ya mizani. Watakuja wenyewe, alijiambia. Watakuja, wataniamkia, wataniuliza. Na wasipokuja, mvua itawauliza wao.

Alikitazama kitambaa cheusi kikitandikwa siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa akienda kusimama pale kila alasiri, mikono nyuma, kama mzee anayesimamia kaburi la ukoo. Siku moja Leonardi alimwita kutoka mtaroni. "Bibi harusi! Kimekaa vizuri?"

"Kimekaa," alisema Dismasi.

Neno hilo moja ndilo alilolitoa mwezi mzima.

Ukuta ukapanda. Ukawa mzuri, mawe yamepangwa kama meno ya kijana, na mabomba ya kutolea maji yametokeza safu kwa safu. Wageni wakaja, wakapigwa picha mbele yake, wakala kuku.

Siku moja ya Novemba Dismasi alishuka bandani kwa Yunisi, akamkuta amekasirika. Vibarua walimpa kipande cha kile kitambaa cheusi kilichobaki, naye akakitumia kuchujia.

"Kitambaa chenu bure kabisa, bibi harusi," alisema huku akikoroga pipa. "Dumu la kwanza limetoka safi, nikasema nimepata. La pili linasuasua. La tatu hata tone! Nimekikamua mpaka mkono umekufa." Akakitupa motoni, moshi mweusi ukapanda, wote wawili wakakohoa.

Dismasi alimtazama. Alingoja aone kama wazo litatoka bandani, lipande ule mteremko, lifike nyuma ya ukuta. Ilikuwa hatua ishirini tu. Yunisi alipenga kamasi, akaendelea kukoroga.

"Mama alikufundisha hayo," alisema Dismasi.

"Mama alinifundisha kuchuja. Wewe alikufundisha kununa. Kila mtu amechukua urithi wake." Akacheka, akamwongezea mawese kwenye chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Alichukua chupa. Akaenda zake. Kuna watu wa kumtetea wanaosema huenda hakuwa na uhakika. Alikuwa nao, na mstari ameupiga mara mbili.

Desemba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ile mvua ya Kigoma inayoshuka mlimani na kulifanya ziwa kuwa jekundu ufukweni. Kila mfereji ulipiga kelele. Kila ukuta wa zamani ulivuja. Ule mpya haukutoa hata tone. Mabomba yake yalikuwa makavu kama filimbi, na watu walikuja kuutazama wakiwa na miavuli.

"Huu ndio ukuta!" Leonardi alisema, akiupiga kofi kama mtu anayempiga kofi ng'ombe wake mnadani. "Mkavu kama kinywa cha mfungaji!"

Gharib aliupiga picha kwa simu. Lakini alipopiga picha ya tatu mkono ukashuka. Elimu haikuwa imemtoka kabisa. Ilimwambia kwamba mlima umekunywa siku tatu na haujakojoa. Alisimama mvuani kitambo kirefu. Kisha akapanda hadi kwenye kontena, maji yakimchuruzika kwenye kofia, akasimama mlangoni pale alipokuwa akisimama zamani.

Dismasi alikuwa akifuta chekeche kwa kitambaa. Alimwona. Amekuja.

"Ule ukuta hautoi maji," alisema Gharib.

Dismasi akaendelea kufuta.

"Nasema ule ukuta hautoi maji kabisa. Ni jambo zuri, au siyo?"

Hakumwamkia. Alikuja, aliuliza, lakini shikamoo ilibaki kooni mwake, pengine kwa haya, pengine alisahau tu kwa sababu ya hofu. Dismasi aliingoja. Alimpa nafasi ya kuitamka mara moja, mara ya pili. Chini ya mizani, shubiri mbili kutoka mkono wake, lilikuwapo daftari.

"Injinia ndiye wewe," alisema.

Gharib akageuka, akarudi mvuani. Akasema moyoni mwake kama watu wote: mzee angejua kitu angesema.

Basi Dismasi akabaki na ushindi wake ndani ya kontena, na haukumkalia vizuri. Saa nne akatoka. Akapita kando ya ukuta na akaona alichojua atakiona: katikati, mawe yamevimba mbele kiasi cha upana wa kiganja, na chokaa ya viungo imechanika kama mdomo uliokauka. Mlima ulikuwa umeshiba. Chini yake moshi wa banda la Yunisi ulipanda umelala kwa mvua.

Akashuka. Hili walilithibitisha watu wawili waliojikinga mvua kwenye kibanda cha jirani: alishuka, akasimama mbele ya banda, mvua ikimpiga.

"Yunisi," aliita.

Yunisi aliinua macho kutoka kwenye pipa. Walikuwapo wateja wake wawili, wanawake wa sokoni, na mbele ya wateja ulimi wake huwa haulali. "Hee! Karibuni mumwone! Bibi harusi leo kaoga, shela kaliacha wapi? Ingia ndani, mwali, usije ukachujuka!"

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga kigelegele kidogo, cha heshima tu.

Uso wa Dismasi ulifunga. Waliokuwa kibandani walisema waliuona ukifunga, kama mlango. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "toka humo", na alikuwa nayo mdomoni tayari. Akameza. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani, wima, hageuki, kama mtu anayeondoka baada ya kumaliza shughuli iliyomleta. Wateja wale wawili walilipa, wakatoka nyuma yake na ndoo zao kichwani. Yunisi akabaki kuchochea kuni.

Alikuwa amefika hatua arobaini. Wanawake wale walikuwa wamempita. Hakukuwa na ngurumo. Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi ndefu, kisha mawe. Ukuta ulifunguka katikati, na maji ya siku tatu yakatoka kwa pamoja na mlima ndani yake.

Alirudi mbio. Hilo nalo lisemwe. Alichimba kwa mikono, kucha zikang'oka, akipiga kelele kwa Kiha, "Yunisi! Mana yanje, Mungu wangu! Yunisi!" Watu waliokimbilia pale walimsikia Yunisi chini ya mabati, akitukana. Walimtoa baada ya muda wa kupika maharage, akiwa hai, na pipa la mawese limemlalia miguuni. Miguu yote miwili ikabaki hospitali, imekatwa juu ya magoti.

Baraza la uchunguzi lilikaa Kigoma mjini wiki tatu baadaye. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima aitwaye Winfrida, injinia naye, mwenye miwani ya kamba na sauti isiyopanda. Gharib alisema yote bila kuficha, akilia. Alisema kitambaa alikichagua yeye, na mzee alimwonya, na yeye akamcheka. "Ila baadaye nilimwuliza," alisema. "Siku ile ya mvua nilimwendea, nikamwuliza. Akaniambia injinia ndiye mimi."

Ndipo alipoitwa Dismasi, na alipoitwa alisimama amevaa shati jeupe jipya. Alikuwa ameingoja siku hii. Wenye vyeti walikuwa wamekaa safu nzima, kimya, wanamtazama yeye. Hakuna aliyecheka. Akalitoa daftari kifuani, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayeweka mahari.

"Yote yamo," alisema. "Siku kwa siku. Mimi sikukosea."

Mama Winfrida alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Alichukua muda. Alikuwa akitikisa kichwa kwa namna ambayo Dismasi aliielewa kuwa ni ya kusifu, na kwa kweli ilikuwa ya kusifu. "Mzee wangu," alisema, "nimeona maabara za mashine ambazo hazifanyi kazi safi kama hii."

"Ahsante."

"Hapa umeandika 'Kimeziba'. Tarehe ishirini na mbili Septemba."

"Ndiyo."

"Ukuta umeanguka tarehe kumi na moja Desemba. Hizo ni siku themanini. Katika siku themanini, ulimwambia nani?"

Dismasi aligeukia safu ya wenye vyeti.

"Hawakuniuliza," alisema.

Mama Winfrida alivua miwani. Hakumkaripia, angemkaripia ingekuwa nafuu. Alilifunga daftari, akaliweka upande wa vielelezo, akasema kwa mwandishi wake, "Andika: alijua."

Gharib alihamishwa mkoa mwingine, na huko anajenga. Leonardi alikwenda na kampuni. Dismasi aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne, na chekeche zake saba zikapewa kijana mwenye cheti.

Yunisi alipotoka hospitali hakuwa na banda wala mguu. Dismasi alikwenda kumchukua, amebeba maneno aliyoyaandaa njia nzima. Alimpigia magoti kando ya kitanda. "Na wewe ulijua," alimwambia huku akilia. "Kitambaa kilikufia mikononi, ukanicheka."

"Mimi nilijua habari za mafuta," alisema Yunisi. "Wewe ulijua habari za mlima, na uliniona nimekaa chini yake. Nibebe twende."

Wanaishi Mwandiga, kwenye nyumba ya mama yao. Yunisi hataki kiti cha magurudumu. Walimletea kimoja, akakigawa. Hataki abebwe na mtu mwingine yeyote, si mpwa, si jirani, si mtu wa kanisani. Kaka yake ndiye anayemwogesha, anayempeleka chooni, anayemtoa asubuhi mgongoni hadi kando ya barabara yanapogeuzia magari ya mjini, ambako ana meza yake ya mawese. Ni mzito bado, naye Dismasi ana umri wa miaka sitini na minne, mgongo umeanza kupinda upande.

Sauti ya Yunisi haikukatwa. Anaponunua mgeni, mtu asiyejua habari zao, anamshika mkono kabla hajaondoka na kumwelekeza kwa kidevu yule mzee aliyesimama nyuma yake. "Huyu ni kaka yangu, tumbo moja," anasema. "Yeye alijua."

Mgeni huuliza, kama watu wanavyouliza, "Alijua nini, mama?"

"Mwulize mwenyewe. Anapenda kuulizwa."

Naye Dismasi husimama hapo juani na kumsimulia mgeni yote, ndoo mbili, dakika mbili, dakika saba, saa nzima, kwa tarehe zake zote, bila kukosea.